Simu ya Gari Iwe ya Barazani, Isiwe ya Chumbani



Leo tunaanza na aibu yetu wenyewe, msije mkasema tunawanasihi wenzetu kwa jambo ambalo sisi halijatufika.

Mwaka jana, ikiwa imebaki wiki moja kufika harusi, tulikuwa tunapeleka nguo Makunduchi. Nyuma ya gari tumepanga magauni ya wapambe na vitambaa vya kupambia jukwaa, na kiti cha mbele amekaa shangazi yake bwana harusi. Mtu mzima, na heshima zake, alituomba tumchukue kwa kuwa safari yetu ilikuwa moja. Simu ya mmoja wetu ilikuwa imebanwa kwenye kishikio pembeni ya usukani, inaonesha njia. Tulipokaribia Kitogani, juu ya ramani ikashuka meseji. Ilikuja kwa herufi kubwa, maana macho yetu si ya miaka 20 tena na maandishi tumeyakuza. Imetoka kwa mama yake biharusi: tumvumilie mpaka mwisho wa mwezi, pesa ya gauni bado haijatimia, na tafadhali upande wa pili wasijue.

Upande wa pili ulikuwa umekaa pale pale, umefunga mkanda.

Shangazi hakusema kitu. Aligeuza uso dirishani, akaanza kuuliza habari za mvua. Lakini alisoma, na sisi tulijua kuwa amesoma, na yeye alijua kuwa tumejua. Kutoka Kitogani mpaka Makunduchi si mbali, ila siku ile tuliona kama tunakwenda Pemba kwa jahazi.

Harusi ilifungwa, alhamdulillahi. Lakini siri ambayo mtu alituwekea kama amana ilitoka mikononi mwetu, tena bila sisi kufungua mdomo. Tulimwendea mama yule nyumbani kwake kumwomba radhi. Akasema ametusamehe. Dukani hajarudi.

Tangu siku hiyo tuna msimamo mmoja, na ndio unaotufanya tuandike. Mwanamke anayeendesha gari kwa kufuata ramani, na khasa gari ya umeme, asitumie simu yake mwenyewe. Awe na simu ya gari. Simu ya zamani inatosha, na simu hiyo iwe tupu.

Mtauliza kwa nini tunasema khasa gari ya umeme. Sisi ni watatu, tuna duka la nguo na ushoni hapa Mlandege, na gari yetu ni ndogo, mtumba wa Japani, tumeichanga. Tuliinunua kwa hesabu. Mizigo yetu inakwenda shamba karibu kila wiki, sare za hoteli Paje na Matemwe, mapazia Nungwi, nguo za harusi kokote zinakotakiwa, na petroli ilikuwa inakula faida yote. Kisiwa chetu ni kama kilomita 85 kwa urefu na 39 kwa upana, kwa hiyo mtu akituambia gari ya umeme haifiki mbali tunamuuliza, wewe unataka kwenda wapi?

Lakini pia tusidanganyane. Katika magari haya ya mtumba maarufu zaidi ni Nissan Leaf. Nairobi kampuni ya teksi ya Nopia Ride ilianza nayo mwaka 2018. Leaf za mwanzo, zilizoanza kuuzwa Disemba 2010 zikiwa na betri ya kilowati-saa 24, zilipimwa na serikali ya Marekani zikapewa kama kilomita 117 kwa chaji moja. Hiyo ni betri mpya. Betri inachoka, na joto linaichosha mapema. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Arizona, jimbo la joto kali huko Marekani, walilalamika sana kuwa uwezo wa betri zao unashuka haraka, maana betri ya gari ile haina mfumo wake wa kupozwa. Sasa chukua gari ya miaka zaidi ya 10, ilete Unguja, ipige safari ya Nungwi ambayo ni kama kilomita 60 kwenda tu. Hesabu ya kurudi ifanye mwenyewe.

Ndiyo maana kupotea na gari ya umeme si sawa na kupotea na gari ya petroli. Mwenye petroli akipotea anapoteza muda na lita mbili tatu, na karibu kila kijiji kina mtu anayeuza mafuta kwenye chupa. Umeme hauuzwi kwa chupa.

Na hilo pia limetufika. Tulitoka Matemwe baada ya Magharibi, simu ya dereva ikawa moto kwa jua la mchana kutwa na kuchajiwa papo hapo, ikajizima. Mkwajuni tukakata kulia badala ya kushoto. Kiza, mazungumzo, uchovu. Tulikwenda karibu kilomita 8 kuelekea Nungwi ndipo mmoja akasema mbona hatufiki Kinyasini. Kilomita 8 za kwenda na 8 za kurudi ni 16, na hizo 16 ndizo zilizotukosesha kufika mjini. Tulisimama Mahonda tumebakiwa na chaji ya kutia huruma, tukabisha hodi nyumba ya watu tusiowajua tukaomba soketi. Mwenye nyumba alikuwa bibi mmoja na wajukuu zake. Akatufungulia, akatutandikia mkeka, akatuletea muhogo na chai, na gari ikakaa inachaji zaidi ya saa mbili huku sisi tunaangalia saa. Pesa alizikataa kabisa. Kesho yake tulimnunulia umeme kwa namba ya mita yake, maana tuliikariri kwa ujanja wakati tunachomeka waya. Allah amzidishie. Lakini hatuwezi kufanya biashara kwa kutegemea vibibi wa Mahonda.

Kwa hiyo ramani katika gari hii si pambo. Na kioo kikubwa kilichokuja na gari hakisaidii. Magari ya Japani yanakuja na kioo kinachosema Kijapani, na ramani yake ni ya Japani tu. Hata redio yake haikujengwa kwa ajili yetu, inaanzia 76 inaishia 90, na stesheni nyingi za kwetu ziko juu ya hapo. Wapo wanaong'oa kioo kile wakatia kipya. Sisi hatukushauri uharakie, kwa sababu katika gari kama Leaf baadhi ya mipangilio ya kuchaji na ya hewa imo ndani ya kioo hicho hicho, na fundi atakayekurudishia si rahisi kumpata. Ndipo kila mtu anaponunua kishikio cha shilingi elfu chache na kubandika simu yake ya mkononi.

Hapo ndipo tatizo letu linapoanzia.

Wenzetu, angalieni nyumba zetu za Mji Mkongwe. Nje kuna baraza la mawe. Mgeni wa kiume, mwenye kuleta habari, mwenye kudai, jirani anayepita, wote wanapokelewa barazani, wanakunywa kahawa, wanaondoka. Ndani kuna ukumbi, na ndani zaidi kuna chumba. Waliojenga vile hawakuwa wachoyo wa nafasi. Walijua kuwa kila mtu ana pahala pake pa kupokelewa, na wanawake wa ndani waweze kukaa bila mtandio na bila wasiwasi. Qur'ani yenyewe, katika Suratun-Nur, imeweka adabu ya kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba za watu, na hata watoto wa ndani wamewekewa nyakati 3 za kubisha.

Simu ya mwanamke wa leo ni chumba. Tena ya mshoni ni chumba chenye vitu vya watu. Katika simu zetu mna vipimo vya kifua na kiuno vya wateja, kwa majina yao. Mna picha za wake za watu na mabinti za watu wamejaribu nguo, nywele wazi, wametutumia wao wenyewe kwa kutuamini, wanauliza hapa pabane au paachiwe. Mna nani anadaiwa na nani kalipa, hesabu za upatu, meseji za waume zetu, na pesa. Chumba hicho tunakichukua, tunakibandika kwenye kioo cha gari, mwanga umeongezwa mpaka mwisho, mbele ya kila anayepanda. Meseji ikiingia haibishi hodi. Inaingia tu.

Wapo watakaosema: si uzime meseji unapoendesha? Tulijaribu, baada ya ile safari ya Makunduchi. Tulidumu wiki tatu. Siku moja ukiwa na haraka unasahau, na siku hiyo ndiyo meseji inakuja. Kisha simu inapigwa, jina linatokea. Kisha kuna siku hatuendi sisi, anakwenda kijana wa kutupelekea mzigo, naye anataka ramani. Utampa simu yako yenye picha za wateja? Au utamwambia atumie yake, bando lake, halafu akipotea umlaumu? Gari ina watu wengi. Dira ya jahazi ilikuwa ya chombo, ilikaa na chombo, nahodha akibadilika inabaki. Hakuna aliyefungia barua zake humo.

Sasa tuje kwenye maneno magumu, maana tunajua yatasemwa.

La kwanza: mwanamke mwenye simu mbili anaficha nini? Hili mume wa mmoja wetu aliliuliza waziwazi, na tunamshukuru kwa kuuliza kuliko kunyamaza nalo moyoni. Jibu letu ni kuwa simu ya gari ni kinyume cha simu ya siri. Haina neno la siri la kufungulia. Haina laini. Haina WhatsApp. Mume, mtoto, mkwe, kijana wa mzigo, yeyote akiishika atakuta ramani basi. Tuliiweka mezani, wakaifungua wote nyumbani, wakachoka nayo kwa dakika mbili kwa kuwa hamna kitu humo. Dada unayetaka kufuata shauri letu, tunakuomba anza hapo, usiingize simu ya pili nyumbani kimya kimya halafu ukasema umesoma kwetu. Fitina haihitaji mafuta mengi.

La pili ni israfu. Tumeamrishwa tusifuje, na anayenunua simu mpya kwa ajili ya gari wakati ya zamani imelala kabatini, huyo kweli amefuja. Sisi tunazungumzia ile ile ya kabatini. Kila nyumba inayo, kioo kimepasuka pembeni, kamera imeingia ukungu, spika inakoroma. Kwa kazi ya ramani haina ubaya. Kuiuza utapewa bei ya kilo ya nyama, na mara nyingi unaiuza na picha zako ndani, jambo ambalo kwetu ni baya kuliko israfu. Kumpa mtoto, utajuta wewe na mwalimu wake.

Na gharama ya kuiendesha ni kama hakuna. Betri ya simu ya kawaida ina kama wati-saa 15. Betri ya gari ya kilowati-saa 24 ina wati-saa 24,000. Unaweza kuijaza simu zaidi ya mara 1,000 kabla hujaimaliza gari. Kwa hiyo usiache kuwasha ramani eti unabania chaji ya gari. Kinachokula chaji ni mguu wako, mwendo ukizidi.

Watu wengi wanashangaa tukisema simu haina laini. Inajuaje njia? GPS haitaki laini wala bando. Simu inasikiliza tu setilaiti zilizoko juu na kujua ipo wapi. Kinachotaka intaneti ni kuipakua ile picha ya ramani, na hiyo unaipakua mara moja nyumbani au dukani. Google Maps inakuruhusu kupakua eneo zima, na Unguja yote inaenea, ila inataka kufanywa upya kila baada ya muda, usije ukaikuta imekwisha uko Muyuni. Organic Maps na OsmAnd zinatumia ramani ya OpenStreetMap, ambayo huchorwa na watu wa kujitolea dunia nzima, na ukishaipakua inakaa. Sisi tumeweka mbili, ikikataa moja tunafungua nyingine.

Tena ramani ya visiwa vyetu si mbaya kama wengi wanavyodhani. Mwaka 2016 ulianza mradi wa Zanzibar Mapping Initiative, Kamisheni ya Ardhi pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wakarusha ndege ndogo zisizo na rubani juu ya Unguja na Pemba kupiga picha za ardhi. Vijana wetu wa SUZA wamo katika waliofanya kazi ile. Kwa hiyo vijia ambavyo mgeni hawezi kuviona kutoka barabarani, na mapaa ya nyumba moja moja, yamepigwa picha. Kinachokosekana ni majina. Ramani haijui kuwa nyumba ya mteja ni ile ya pili baada ya mwembe uliokatwa. Hilo utauliza watu, na kuuliza ni sunna ya barabara za Zanzibar, hatutaki ramani ituondolee salamu. Ila uliza ukiwa umeshafika kijiji chenyewe, chaji ikiwa inakuruhusu kuelekezwa kimakosa mara moja.

Dosari mbili za simu isiyo na laini tuzitaje. Ukiiwasha inachukua dakika kadhaa kujitambua, kwa kuwa simu zenye mtandao husaidiwa na mtandao. Iwashe mapema, pahala penye mbingu wazi. Ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe itakwambia uko msikitini wakati uko sokoni. Na haina habari za foleni, lakini foleni ya Darajani saa 10 jioni haihitaji setilaiti kuijua.

Kuitayarisha ndiko wengi wanakokosea. Usichukue simu yako ya zamani ukaibandika kama ilivyo. Ifute yote, irudi kama ilivyotoka kiwandani, kisha ifungulie akaunti mpya ya gari. Ukiingiza akaunti yako ya siku zote, picha na majina yote yanarudi, na umefanya kazi bure. Simu za zamani pia huwa hazipewi tena marekebisho ya usalama, kwa hiyo pesa isiguse humo hata kwa dharura. Na pahala unapohifadhi nyumba za wateja usiandike majina. Sisi tunaandika namba, na daftari la namba liko dukani. Mtu akiiba simu ile apate ramani ya Unguja, akaitalii.

Kuna jambo moja hatujakubaliana watatu. Simu inaweza kuweka kumbukumbu ya kila ulipopita. Mmoja wetu anataka iachwe, anasema likitokea la kutokea watu wajue tulikuwa wapi. Mwingine anasema kumbukumbu ya milango yote ya wateja wetu ni siri zao pia. Kwa sasa imezimwa, na tunapokwenda mbali tunaaga kwa mdomo na kutaja saa ya kurudi.

Faida moja hatukuitegemea. Kwa wenye Leaf, kuna programu inaitwa LeafSpy, inafanya kazi na kidude kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa chini ya usukani, na inasoma afya ya betri kwa undani kuliko vile vijiti 12 vya kwenye dashibodi. Simu kuukuu inaiweza. Ukienda kununua gari ya umeme ya mtumba na huna njia ya kusoma betri, ni sawa na kununua kitambaa usiku bila taa. Rangi utaiona asubuhi.

Sasa neno la mwisho kuhusu simu hii, na hapa tunapingana na wengi wanaosema iwekwe kwenye gari ikae humo. Isikae humo. Gari iliyofungwa vioo na kuegeshwa juani hapa kwetu, ndani joto linapita nyuzi 50. Apple, kwa mfano, wanasema simu yao isihifadhiwe penye joto zaidi ya nyuzi 45, na wanataja gari iliyoegeshwa kwa jina lake. Betri za simu ni za lithiamu, na betri kuukuu ndiyo iliyo hatarini zaidi. Inavimba, inanyanyua kioo, na ikitobolewa inaweza kuwaka. Ya kwetu ya kwanza ilivimba mwezi wa Februari kwenye droo ya gari. Tuliiona mapema kwa sababu kava lilikuwa halifungi. Ukiona hivyo usiibonyeze, usiichaji, itoe nje ya nyumba na utafute fundi anayejua pa kuipeleka. Wala usiibandike pale jua linapopiga moja kwa moja. Sisi tumehamishia kishikio chini, kwenye tundu la upepo wa baridi, ipate kupozwa nayo.

Mtu atasema, na umeme ukikatika kisiwa kizima je? Tunakumbuka vizuri. Mwaka 2008 tulikaa kama mwezi mzima gizani, na kuanzia Disemba 2009 karibu miezi mitatu, kwa sababu ya ule waya wa chini ya bahari. Wengine kati yetu tulikuwa tunajifunza ushoni wakati huo na tulishona kwa cherehani ya miguu, majenereta yananguruma kila upande. Tangu 2013 kuna waya mpya wa megawati 100, na hali si ile. Lakini umeme ukikatika, gari haitatembea, ramani au bila ramani, kwa hiyo hoja hiyo mpeni aliyetuuzia gari.

Simu ya gari inakaa na ufunguo. Ndiyo kanuni yetu. Tumeshona kifuko cha kitenge, ndani tumetia pamba na kitambaa cheupe, kina mifuko miwili, mmoja wa ufunguo na mmoja wa simu, na kamba ya kuning'iniza nyuma ya mlango wa duka. Anayechukua ufunguo anaichukua na simu, hana njia nyingine. Akirudi anaichaji mpaka nusu, si zaidi, na kukining'iniza. Wateja wawili wameshauliza kifuko kinauzwa bei gani.

Alkhamisi inshaallah tuna mzigo wa Makunduchi tena, na shangazi yule yule ameomba nafasi. Tumemwambia karibu, kiti cha mbele ni chake.